Mashine ya bustani ikiitwa irudi kiwandani, na wewe uko Jinja

Mvua za Machi zikishashika, nyasi za Jinja, hapa Uganda, hazimngoji mtu. Ndipo meza yangu ya ufundi inapojaa: mashine za kukata nyasi, mikasi ya ua ya umeme, vipulizia majani, misumeno ya mnyororo ya betri. Zamani nilikuwa naletewa za petroli tu. Siku hizi nyingi zina waya au betri, na karibu zote zimeshapita mikononi mwa mtu mwingine kabla ya kunifikia. Nyingine zimeshuka kwenye kontena la vitu vilivyotumika Ulaya, nyingine zimeachwa na mgeni aliyemaliza mkataba wake, nyingine zimetumwa na mtoto aliyeko ng'ambo.

Kiwanda kikigundua kwamba mashine fulani inaweza kumjeruhi mtu, hutoa wito: wenye nayo waache kuitumia, wairudishe, watengenezewe, wabadilishiwe au warudishiwe fedha zao. Wito huo humfuata mnunuzi wa kwanza. Anaandikiwa yule aliyejaza kadi ya dhamana kule Leeds au Chicago, na tangazo linabandikwa katika duka alikonunulia. Mashine ikishauzwa mara ya pili, ikavuka bahari, ikapanda lori Mombasa mpaka Malaba, wito hauna tena anwani ya kuifikia. Ni wewe utakayeufuata. Ukiwa na simu yenye bando, kazi yenyewe mara nyingi haizidi nusu saa.

Mimi nilijifunza kwa mkasi wa ua. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliniletea mkasi wa umeme akasema, "Fundi, huu hauzimiki vizuri. Unauachia, wenyewe unaendelea kutafuna." Nikaufungua, nikakuta vumbi kwenye swichi, nikasafisha, nikapaka mafuta, nikachukua shilingi 20,000 zangu. Wiki mbili baadaye mzee akarudi, mkono mmoja ameshika mkasi, mwingine ameshika gamboti ya mjukuu wake iliyochanwa kutoka kidoleni hadi karibu na kifundo. Mguu ulisalimika kwa sababu gamboti ilikuwa kubwa kuliko mtoto. Nilipoingia mtandaoni kutafuta swichi mpya, nikakuta modeli ile ile imeitwa irudi miaka mingi iliyopita, kwa kosa lile lile. Kumbe nilikuwa nasafisha ugonjwa wa kuzaliwa nao. Nilimrudishia mzee elfu ishirini yake, na tangu siku hiyo sifungui mashine ya umeme ya bustani kabla sijaitafuta kwenye orodha za wito.

Ninavyofanya ni hivi.

Hatua ya 1: Chomoa

Usisome kibandiko mashine ikiwa kwenye soketi. Nimeona watu wanalaza mashine ya nyasi ubavu waangalie kisu, plagi bado iko ukutani, eti "umeme umekatika". Umeme uliokatika haupigi hodi ukirudi. Hata sisi tunaolala jirani na bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa tangu 1954, tunakatikiwa kama wengine. Kwa mashine ya betri, toa betri uiweke mbali, isikae juu ya mashine wala karibu na jiko.

Hatua ya 2: Nakili kibandiko, si jina kubwa

Maandishi makubwa ya ubavuni ni jina la kampuni, na kampuni moja inaweza kuwa na mashine ishirini zenye rangi moja na sura moja. Kati ya hizo ishirini, iliyoitwa irudi ni moja, tena pengine ni zile tu zilizotengenezwa kwa miezi michache. Unachotafuta ni kibandiko kidogo, cha fedha au cheusi, chenye herufi za kuumiza macho. Kwenye mashine ya nyasi huwa nyuma ya mota au chini ya kifuniko cha mahali pa kufungia mfuko wa nyasi. Kwenye mkasi wa ua huwa upande mmoja wa mpini. Kwenye msumeno, angalia tumboni, karibu na betri inapoingia.

Nakili modeli, namba ya mfululizo (ile mafundi tunaita "seriali"), tarehe au kodi ya kutengenezwa (yaani msimbo, si kodi ya serikali), volti na wati. Kama kuna neno "Type" likifuatiwa na namba, liandike pia. Watu hulipuuza, lakini kuna matangazo yanayosema modeli fulani "Type 1" ndiyo mbovu na "Type 2" haina neno.

Kodi ya tarehe huwachanganya wengi. Kampuni kadhaa huandika mwaka ukifuatiwa na wiki: 2019 23 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, yaani mwanzoni mwa Juni. Wakati mwingine kodi hiyo haiko kwenye kibandiko kabisa, imechongwa kwenye plastiki, au kwenye vyuma vya plagi yenyewe. Ndiyo sababu nyingine ya kulalamikia mafundi wenzangu wanaokata plagi ya kwanza na kuitupa bila kuisoma.

Betri ina kibandiko chake na chaja ina chake. Nakili vyote. Wito mwingi unahusu betri peke yake au chaja peke yake, mashine haina kosa lolote. Na kwa kuwa betri za kampuni moja huingia kwenye mashine nyingi, betri mbovu iliyozaliwa na msumeno inaweza kuwa leo iko kwenye kipulizia majani chako.

Maandishi yakiwa yamefutika, usipanguse kwa petroli wala thina, utaondoa hata yaliyobaki. Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha. Kwa namba zilizochongwa, paka unga wa chaki kisha ufute juu juu, chaki itabaki kwenye mikunjo na namba zitaonekana nyeupe. Piga picha ukimulika tochi kutoka pembeni, si kwa mbele. Halafu kaa na wasiwasi juu ya 0 na O, 1 na I, 8 na B. Nimewahi kumwambia mteja mashine yake ni salama kwa sababu ya B niliyoiona 8, nikampigia simu usiku kumzuia.

Hatua ya 3: Jua ilikozaliwa

Plagi haikuambii ukweli, kwa sababu hapa kwetu plagi hubadilishwa kabla hata ya mashine kuuzwa. Tazama volti. Ikiandikwa 120 V na 60 Hz, iliuzwa Marekani au Kanada. Ikiandikwa 230 au 240 V na 50 Hz, basi ni ya Ulaya, Uingereza, Australia, au imeletwa kwa ajili ya soko letu.

Mashine ya 120 V usiichomeke kwenye soketi yetu ya 240 V hata kwa kuijaribu. Hili halihusiani na wito, lakini nimezika mota nyingi mno kwa kosa hilo. Chaja za Marekani ndizo zinazowaponza watu zaidi, maana mtu huona betri ya 40 V akadhani kila kitu ni sawa, kumbe chaja inataka 120.

Kisha uliza swali ambalo wateja wengi hawalitarajii: nani aliinunua kwanza, na wapi? Kama ni ndugu yako aliyeko nje, una mlango. Shikilia jina lake, tutamrudia.

Hatua ya 4: Itafute kwenye orodha

Orodha hizi ni za bure na hazitaki ujisajili.

Kwa mashine ya Marekani, tume yao ya usalama wa bidhaa, CPSC, iliyoundwa mwaka 1972, inaweka kila wito kwenye tovuti yake ya cpsc.gov. Kwa za Umoja wa Ulaya kuna mfumo unaoitwa Safety Gate, ambao zamani ulijulikana kama RAPEX. Matangazo yake huwa na picha ya bidhaa, ya kibandiko na mara nyingine ya boksi, nami naupenda kwa sababu hiyo. Uingereza ina ofisi yake ya usalama wa bidhaa, na matangazo yake yako kwenye tovuti ya serikali, gov.uk. Australia wana productsafety.gov.au. Na ukiwa hujui kabisa mashine ilitoka wapi, anza na globalrecalls.oecd.org, iliyofunguliwa mwaka 2012 na OECD, shirika la kiuchumi la nchi zilizoendelea, ambayo hukusanya wito kutoka nchi nyingi mahali pamoja.

Kutafuta kuna ustadi wake. Ukianza na namba kamili ya modeli, kosa la nukta moja au kistari litakupa jibu la "hakuna" na wewe utalala usingizi wa raha usiostahili. Anza na jina la kampuni pamoja na aina ya kifaa kwa Kiingereza: "lawn mower" kwa mashine ya nyasi, "hedge trimmer" kwa mkasi wa ua, "string trimmer" au "grass trimmer" kwa mashine inayokata nyasi kwa uzi, "chainsaw" kwa msumeno, "blower" kwa kipulizia, na "battery" kwa betri. Waingereza huita mashine ya uzi "strimmer". Pata matangazo yote ya kampuni hiyo, yatazame kwa picha, kisha ndipo ulinganishe modeli. Ukishindwa huko, andika kwenye Google jina la kampuni, modeli na neno "recall".

Jihadhari na jambo hili: duka kubwa la Ulaya huweza kuuza mashine kwa jina lake wakati kiwanda kilichoitengeneza ni kingine kabisa. Wito unaweza kutolewa kwa jina la kiwanda. Kama kwenye kibandiko kuna majina mawili, tafuta yote mawili.

Wito hauzeeki. Tangazo la miaka kumi na tano iliyopita linaihusu mashine iliyoko stoo kwako leo kama lilivyoihusu siku lilipotoka. Usitazame ya mwaka huu tu.

Hatua ya 5: Lisome tangazo kama mkataba

Chukua mfano halisi. Mwaka 2007 Black & Decker iliita irudi mashine yake ya umeme ya kukata nyasi kwa uzi, Grasshog XP, modeli GH1000, zipatazo 200,000 nchini Marekani. Kosa lilikuwa kwenye kichwa: kikombe kinachobeba uzi na kifuniko chake vingeweza kufunguka mashine ikizunguka na kuruka kama kombeo, kumpiga aliyeishika au aliyesimama jirani. Sheria ya Marekani inaitaka kampuni itoe taarifa ndani ya saa 24 tangu ijue jambo la namna hiyo. Mwaka 2011 kampuni hiyo ilikubali kulipa faini ya dola 960,000 kwa madai kwamba ilichelewa kutoa taarifa kuhusu mashine hizo.

Mashine ya uzi ikirusha kifuniko hapa kwetu, mwenye nayo hufanya nini? Hutafuta kifuniko majanini, hukirudisha, akakikaza kwa waya. Ndivyo tulivyo, na kwa mashine nyingi ndivyo tunavyoishi. Lakini soma tangazo kama hilo utaelewa kwamba kifuniko hakikuruka kwa bahati mbaya, na waya wako umeongeza kitu kimoja zaidi cha kuruka.

Katika tangazo tafuta mambo manne. La kwanza, modeli na masafa ya tarehe au namba za mfululizo: yako imo ndani au nje ya masafa hayo? La pili, hatari yenyewe ni ipi: kuungua, kushtuliwa na umeme, kukatwa, kurushiwa kitu? La tatu, kampuni inaahidi nini: kutengeneza, kubadilisha au fedha? La nne ni dogo na ndilo watu husahau, ushahidi gani wanaotaka. Kampuni nyingi hazitaki mashine irudi kwa posta. Zinataka uchomoe, ukate waya wa umeme, upige picha inayoonyesha waya uliokatwa pamoja na kibandiko, uitume. Hilo hata mtu wa Jinja anaweza. Usikate kabla hawajakuambia, maana wengine wanataka picha ya kabla na ya baada.

Kama tangazo linasema "acha kutumia mara moja", lichukue kama lilivyo. Nimesikia, "Nimeitumia miaka mitatu haijanifanya kitu." Hata mkasi wa mzee ulikuwa haujafanya kitu, mpaka gamboti.

Hatua ya 6: Iandikie kampuni

Namba za simu za bure zilizo kwenye matangazo mara nyingi hazipatikani ukipiga kutoka Uganda. Tumia fomu ya tovuti au barua pepe. Andika kwa ufupi: modeli, namba ya mfululizo, kodi ya tarehe, umeipata vipi, uko nchi gani, na unaomba nini. Ambatisha picha. Usifiche kwamba umeinunua ikiwa imetumika. Kampuni nyingi haziulizi risiti kwenye wito wa usalama, zinauliza namba.

Sasa ukweli: nyingine zitakujibu kwamba huduma ni kwa nchi ilikouzwa tu. Hapo ndipo mnunuzi wa kwanza anapohitajika. Mkasi wa yule mzee ulikuwa umenunuliwa na binti yake anayeishi Manchester. Sisi tulikata waya hapa, tukapiga picha, binti akajaza fomu kwa jina na anwani yake, na fedha zikaingia kwake. Mzee alicheka sana: "Fundi, kumbe wewe ulinitoza elfu ishirini kwa kitu ambacho wenyewe wananilipa nikiache!"

Kama hakuna ndugu, omba angalau kipuri. Kwa kosa la swichi au kifuniko, kampuni inaweza kukubali kutuma kifurushi kidogo hata nje. Isipokubali, usipoteze mwezi ukibembeleza. Nenda moja kwa moja hatua ya mwisho.

Betri ya lithiamu iliyoitwa irudi usiitume kwa ndege kwa njia yoyote. Kanuni za usafiri wa anga zinakataza kabisa kubeba betri ambazo mtengenezaji amezitangaza kuwa mbovu kiusalama. Usimpe hata msafiri anayepitia Entebbe aiweke kwenye begi. Betri inayoweza kujiwasha moto stoo inaweza kujiwasha pia futi elfu thelathini juu.

Hatua ya 7: Kama uliinunua mpya hapa Uganda

Hapa una nguvu zaidi, kwa hiyo usianze na Ulaya, anza na duka. Nenda na risiti, picha ya kibandiko, na tangazo la wito umelichapa. Zungumza kwa adabu. Mwenye duka mara nyingi hajui, na mwagizaji wake wa Kikuubo, mtaa wa wauzaji wa jumla Kampala, naye hajui. Sheria ya Uganda ya mwaka 2017 ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma inamtaka muuzaji akupe bidhaa yenye ubora unaofaa na inayofaa kwa kazi iliyokusudiwa. Mashine ambayo mtengenezaji mwenyewe amesema isitumike ni vigumu kuitetea mbele ya sheria hiyo.

Akikataa, peleka malalamiko kwa shirika la viwango, UNBS, lililo na makao makuu Bweyogerere na ofisi pia Mbale, Gulu na Mbarara. Hao ndio wanaokagua bidhaa sokoni, na tangu 2010 wana mpango wa kutaka bidhaa nyingi zikaguliwe huko zinakotoka kabla ya kupakiwa. Taarifa yako haikusaidii wewe tu: kama mashine moja mbovu imefika rafuni Jinja, nyingine hamsini kama hiyo ziko kwenye boksi mahali fulani. Waambie jina la duka, mtaa, modeli na tarehe ya kununua.

Na kama ni fedha tu unazidai, mahakama zetu zina utaratibu wa madai madogo, kwa deni lisilozidi shilingi milioni 10, bila mawakili. Kwa mashine ya nyasi hiyo inatosha na kubaki.

Hatua ya 8: Kama haimo kwenye orodha yoyote

Kutokuwamo hakumaanishi kwamba ni salama. Bidhaa bandia haina wito, kwa sababu hakuna anayekiri kuitengeneza. Kibandiko kisicho na anwani ya mtengenezaji, jina la kampuni lenye herufi moja iliyoongezwa, au namba ya mfululizo inayofanana kwenye mashine tatu za rafu moja ni dalili zinazotosha.

Jaribu mwenyewe mambo ambayo ndiyo hasa huleta wito.

Swichi. Mikasi mingi ya ua ina swichi mbili, moja kwa kila mkono, ili mashine isizunguke mkono ukiwa karibu na meno. Ukiachia mmoja, lazima isimame. Nimeona mikasi isiyo na idadi ambayo swichi moja imefungwa kwa raba ya tyubu, ili kijana wa kazi ashike tawi kwa mkono wa pili. Fungua raba hiyo kabla ya jambo lingine lolote. Hakuna kiwanda kinachoweza kukulinda na raba ya tyubu.

Kisu cha mashine ya nyasi. Marekani kanuni ya tangu 1982 inataka kisu cha mashine ya kusukuma kisimame ndani ya sekunde tatu baada ya kuachia mpini. Iweke mahali tambarare, iwashe ukiwa nyuma, achia, kisha taja miji ya barabara ya Malaba kwa mwendo wa kawaida: Jinja, Iganga, Bugiri. Ikifika Bugiri bado inavuma, breki haifai. Usiinamishe kutazama, sikiliza tu.

Msumeno wa mnyororo. Kile kinga cha mbele ya mkono wa kushoto si pambo, ni breki. Kisukume mbele, mnyororo lazima ushikwe. Usiposhikwa, msumeno ukirudi nyuma kwa ghafla utakuja na mnyororo unaozunguka, na uso wako ndio ulio njiani. Huo sifanyii mzaha: hautoki kwenye meza yangu mpaka breki ishike.

Umeme wenyewe. Tafuta alama ya mraba ndani ya mraba. Maana yake mashine ina kinga maradufu ya umeme na haihitaji waya wa ardhi. Plastiki yake ikipasuka, kinga moja imekwenda, hata kama inafanya kazi. Waya uliounganishwa kwa selotepu katikati ya nyasi zenye umande ni mwaliko wa msiba. Nyumba nyingi hapa, hata zenye mita mpya ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla, hazina ile swichi ya kukata umeme unapovuja. Fundi wa umeme anayeaminika atakufungia ya miliampia 30, au nunua ya kuchomeka kwenye soketi ya nje. Ina kitufe cha kujaribia, kibonyeze kila mwezi.

Betri. Ikivimba, ikipata joto ikiwa imelala tu, ikinuka utamu utamu kama rangi ya kucha, imekwisha. Na zile zilizofunguliwa mjini zikawekwa seli za kompyuta ya zamani, ambazo huuzwa "kama mpya", hazihusiki na wito wala dhamana ya mtu yeyote. Mimi sizipokei.

Hatua ya 9: Kuiua mashine

Wenzetu wa nje wakiambiwa "kata waya", mashine imekufa. Hapa kwetu waya uliokatwa ni kazi ya dakika kumi na shilingi elfu tano. Ukimpa mnunuzi wa vyuma chakavu mashine nzima yenye waya uliokatwa, kesho iko Kisekka, soko la vipuri Kampala, imepakwa rangi, na keshokutwa mtoto wa mtu mwingine amevaa gamboti kubwa. Soko letu halikubali kitu kife, na sifa hiyo ndiyo iliyonilisha mimi na familia yangu. Lakini kwa mashine iliyoitwa irudi lazima uwe mkatili.

Kata waya mara mbili, kwenye plagi na pale unapoingia kwenye mwili. Fungua, toa swichi, ivunje kwa nyundo. Kata nyaya za shaba za mota kwa tindo, hapo hata fundi mkaidi atakata tamaa. Vunja mahali betri inapokaa. Ng'oa kibandiko au kikwaruze, baada ya kuhakikisha picha zako zimehifadhiwa. Ndipo uuze vipande kwa kilo: shaba, alumini, chuma.

Betri usitupe jalalani wala usiichome na takataka za nyumbani. Bandika utepe wa kuhami umeme kwenye vyuma vyake, iweke kwenye debe lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na mbao na mafuta, kisha ulizia kampuni zinazokusanya taka za kielektroniki Kampala. Usiitoboe kuona kama bado ina moto. Inao.

Mkasi wa mzee niliumaliza hivyo. Swichi ilikwenda chini ya nyundo, mota ikaenda kwa mtu wa shaba. Meno yake marefu nilimpa fundi chuma jirani yangu, akayakata vipande na kuyanoa. Kimoja kiko jikoni kwa mzee, anamenyea matoke.